Vyuma vya Marehemu Haas

Lorene ndiye aliyeinusa kwanza. Walikuwa mezani wakila nyama ya nguruwe na viazi, wakisherehekea ubingwa wa mumewe, naye Verlin alipomsogezea chumvi, Lorene akakunja pua.

"Verlin, mkono wako unanuka tumbaku."

Verlin Stucke hakuwahi kuvuta hata sigara moja maishani. Akanusa kidole cha shahada, kile cha kuvutia triga, akaikuta: tumbaku tamu ya kiko, ile ya rafiki yake Orrin Haas. Na Haas walikuwa wamemzika tangu wakati wa theluji. Akauficha mkono chini ya meza, maana alilijua kosa lake.

Haas alipokuwa anakata roho alimkabidhi bastola yake ya silinda aisafishe, kisha ampe Marlys, bintiye wa pekee, ashindanie nayo ubingwa wa shabaha wa jimbo la Iowa. Verlin ndiye aliyekuwa fundi wa klabu yao.

"Safisha nje tu," Haas alimwambia. "Ndani usiguse. Vile vyuma vimeshazoeana, na vimenizoea."

Kila mlenga shabaha anaelewa maneno hayo. Triga na nyundo, kile chuma kinachogonga risasi, zikivutwa pamoja miaka na miaka husuguana hadi zikalainika, ukivuta unahisi kama kisu kinapita kwenye siagi, na ulaini huo hakuna fundi awezaye kuuiga kwa tupa. Lakini tamaa mbele, mauti nyuma. Verlin aliifungua, akachomoa triga na nyundo za Haas akazitia kwenye bastola yake, na za kwake zilizokuwa zikikwaruza akampachikia marehemu. Bastola zilikuwa za aina moja, kwa nje nani angejua?

Siku ya mashindano Verlin akaondoka na kombe. Bastola ya Marlys ilikwamakwama, nyundo ikagonga bila nguvu, risasi zikakataa kulipuka mbele ya kadamnasi. Binti wa watu alilia akisema amemwaibisha baba yake kaburini, na Verlin, mtu asiye na haya, akampigapiga begani na kumshauri aongeze mazoezi.

Asubuhi baada ya karamu ile ya ubingwa, kidole kile hakikuwa chake tena. Kilikuwa kinene, kucha ya njano, na lile kovu la zamani la Haas kwenye kiungo. Lakini kilichomtoa jasho si hicho. Kidole chake mwenyewe alikuwa bado anakisikia. Kilikuwa mahali pengine, penye baridi, kimelala juu ya kitambaa laini cha hariri.

Lorene akamburuta kwa mchungaji Ruhnke. Katikati ya maombi kidole kikaanza kujikunja na kujikunjua chenyewe, polepole, kama cha mtu anayevuta triga, hadi mchungaji akarudi nyuma akagonga kiti.

"Una kitu cha mtu," akanong'ona. "Kirudishe kabla hakijakumaliza."

Verlin akaapa atarudisha, ila baada ya mashindano ya taifa. Lorene alimlilia, akampigia magoti, wapi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Basi Haas akaendelea kubadilishana. Mkono mzima wa Verlin ukaenda, ukaja wa kwake. Kisha jicho la kushoto, na hapo Verlin akawa kwa jicho moja anamwona mkewe jikoni na kwa lile jingine anaona giza tupu, giza zito lisilo na mlango, na karakana yake ya bastola ikiwa imefungwa kwa kufuli, mchana kweupe, akawa anaisikia triga ikivutwa humo ndani, ikaachiwa, ikavutwa tena, laini, bila haraka, na kila ilipovutwa kipande kingine cha mwili wake kikaingia baridi, goti, bega, ubavu, mpaka akasahau kombe, akasahau aibu, akaikwapua bastola yake na vifaa vyake na kumwambia Lorene aendeshe gari hadi kwa Marlys.

Lorene alibaki garini. Marlys alimfungulia mlango, akaogopa alivyobadilika.

"Anko Verlin, unaumwa?"

Akatikisa kichwa, akaomba aletewe bastola ya baba yake. Akazifungua zote mbili pale pale mezani, na mikono isiyo yake ikafanya kazi upesi kuliko alivyowahi kufanya yeye, vyuma vya Haas kwa Haas, vya Stucke kwa Stucke. Triga ya Haas ikavutika bila sauti. Verlin akashusha pumzi. Alitaka kusema nisamehe, mwanangu, nilikuibia. Alifungua kinywa.

"Shomoro wangu," kinywa kikasema, "hukukosea wewe. Mikono yako haina kasoro."

Kikombe alichokuwa amekishika kikamponyoka Marlys. Ni mtu mmoja tu duniani aliyewahi kumwita hivyo.

"Baba?" alinong'ona. "Na Anko Verlin yuko wapi?"

"Alipenda kubadilishana," ile sauti ikajibu. "Nimemwachia mahali pangu."

Verlin aliyasikia hayo kwa mbali sana, yakitokea juu. Akapiga kelele, hariri ikamjaa mdomoni. Akainua mkono wake, wake mwenyewe sasa, mzima, akagonga, akakuta ubao.