Bodi Isiyomwagiwa Damu

Rafiki yangu Crisanto wa Batangas ni mbishi, na mimi niliyeachwa na wake wawili kwa ubishi nazijua dalili. Alimpelekea fundi Onyong gari lake kuukuu la jeshi abadilishiwe bodi iliyoliwa na kutu, kesho yake ampeleke bintiye kanisani kuolewa.

"Bodi mpya haikaliwi kabla ya kumwagiwa damu ya kuku," Onyong alimwambia.

"Kuku wangu namla mwenyewe. Wewe kaza nati, mzee."

"Basi usije kunililia."

Nati ya mwisho ilipokazwa, umeme ulikatika. Gizani bati likagongwa, ngo, ngo, taratibu.

"Acha mchezo, mzee."

"Nyundo si unayo wewe?"

Umeme uliporudi, kwenye sakafu mpya, mbele ya kiti atakachokalia bibi harusi, kutu mbichi ilikuwa imechora nyayo mbili za miguu mitupu, vidole vikikielekea kiti.