Blenda Yangu, Jikoni kwa Shosti Yangu

"Punguza basi kelele za hiyo mashine, watu tumelala!"

Hiyo ni sauti ya mume wangu.

Shida ni kwamba haikutoka chumbani kwangu. Ilitoka kwenye simu... kwenye laivu ya shosti yangu Renae, Jumamosi saa tatu asubuhi, akiwaonyesha watu anavyosaga stroberi na ndizi jikoni kwake!

Jamani, nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa. Sijui kilifikaje sakafuni.

Kwa msionijua, naitwa Marlys. Miaka arobaini na sita, mji mdogo kaskazini mwa Minnesota. Na hiyo Jumamosi ilikuwa siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu. Huku kwetu siku hiyo mjini tunabaki wanawake na paka, wanaume wote wako kambini porini.

Duane wangu aliondoka Ijumaa na bunduki, soksi za sufu na sandwichi nane nilizomfungia kwa mikono yangu.

NANE!

Nikaisogeza simu karibu na macho. Mkono ukapita nyuma ya Renae, umevaa koti la chungwa la kuwindia, lenye kiraka nilichokishona mimi kwenye kiwiko.

Kisha nikaiona blenda yenyewe.

Nyie watu... kwenye swichi yake, palipoandikwa sita, pana kitone cha rangi nyekundu ya kucha. Nilikipaka mimi, maana namba zilianza kufutika na sita ndiyo kasi niliyoipenda. Hiyo blenda alininunulia mama yangu kabla hajafariki. Ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote jikoni kwangu.

Mwezi wa nane Duane aliniambia mota imeungua, ameshaipeleka jalalani. Nililia siku mbili. Na nani alikuja kunibembeleza na keki? Renae!

"Hii mashine nimepewa na mtu anayenijali," akawaambia watu kwenye laivu, huku anacheka. "Mnaona juisi yake ilivyo laini?"

Mimi nikafanya nini? Nikamtumia makopa matatu mekundu.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda kuvunja mlango. Haki ya Mungu funguo za gari zilikuwa tayari mkononi. Lakini nikakumbuka kitu kimoja, nikakaa chini.

Hapa mjini kuna mgahawa mmoja tu, wa bibi Ardis, ana miaka themanini na tatu. Magoti yamemkataa. Mwezi wa kumi alitangaza kanisani: yeyote ambaye supu yake itashinda kwenye Karamu ya Wawindaji, huyo anachukua jiko la mgahawa na chumba cha juu yake.

Na nyumba tunayokaa ni ya baba yake Duane. Nikilianzisha leo, leo hiyo hiyo natoka na mabegi kwenye theluji, sina pa kwenda. Karamu ilikuwa Jumamosi inayofuata.

Nikasema moyoni, Marlys, meza hasira siku saba. Kwanza pata paa la kulala. Halafu uwachome wote wawili.

Jumatatu simu ikaita.

"Shosti!" Renae huyo, sauti tamu. "Umeamkaje mpenzi?"

"Nipo, mama. Mpweke tu, Duane yuko porini."

"Wooi, pole jamani. Wanaume na hao kulungu wao! Sikia, ile supu ya mahindi ya mama yako inapikwaje vile? Nataka niwapikie watoto."

Watoto! Watoto wake wote wawili wako chuo, wanakula kantini.

Nikajua hapo hapo. Anataka na jiko la Ardis pia.

"Ngoja nikupigie picha kadi ya mama," nikamwambia.

Sasa nisikilizeni vizuri. Wanawake wa huku tuna kadi za mapishi, tunaziweka kwenye kisanduku cha bati. Na kila mwanamke akiombwa kadi anatoa, kukataa ni aibu kubwa. Lakini kuna kitu kimoja HAANDIKI. Kila mmoja anajua, hakuna anayesema. Wewe ukipewa kadi unashukuru, halafu unaenda kuhangaika mwenyewe kutafuta kilichoachwa.

Renae katokea mjini Minneapolis miaka minne iliyopita. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Kadi ya mama imeandikwa hivi: chemsha mahindi matamu, viazi na kitunguu, saga vyote mpaka vilainike, tia krimu.

Vyote!

Mama alinifundisha kwa mdomo: viazi usivitie kwenye blenda hata uwe na haraka vipi. Visu vikivipiga kwa kasi vinatoa utelezi, supu inakuwa gundi. Mahindi ndiyo yanasagwa. Viazi unavipitisha kwenye chujio kwa mwiko, taratibu, mpaka mkono uchoke.

Nikapiga picha kadi, nikatuma. Sikuongeza neno, sikupunguza neno. Sikudanganya mtu!

"Asante shosti wangu, wewe ni dhahabu!"

"Karibu, mpenzi."

Nikakata simu, nikacheka peke yangu mpaka paka akakimbia.

Lakini sasa na mimi sikuwa na blenda.

Nikaenda duka la mitumba la kanisa. Muuzaji pale ni Mai, Mhmong ambaye wazazi wake walitoka milima ya Laos; kiangazi anauza juisi za maembe kwenye maonyesho ya wilaya na ulimi wake ni mkali kuliko visu anavyouza. Nikakamata moja ya kung'aa, vitufe kumi na nne.

"Weka chini hiyo," Mai akasema bila kuinua kichwa.

"Mbona ina vitufe vingi?"

"Dada, unasaga supu au unarusha ndege? Vitufe vyote hivyo vinafanya kazi ile ile. Itikise uone. Nyepesi! Ukiiwasha itatembea mezani."

Akanitolea nyingine chini ya kaunta. Ya zamani, rangi ya maziwa, jagi la kioo, vitufe vitatu tu.

"Dola ishirini na mbili. Ishike. Nzito, si ndiyo? Mota yake ni ya shaba tupu. Chungulia ndani: jagi limebana chini, kwa hiyo chakula kinarudi kwenye visu, hakikimbilii pembeni. Visu viwili vimeangalia juu, viwili chini. Na mpira wa chini haujapasuka. Hayo tu ndiyo ya kuangalia, mengine ni mapambo."

Akaichomeka, akatia maji na barafu. Ikanguruma kwa sauti nzito, barafu ikawa theluji.

"Ila haina nguvu za ile yako," akaniambia. "Hii ukiiharakisha itakuaibisha. Anza na maji maji, vigumu baadaye. Jagi nusu. Supu ipoe kidogo, na kifuniko uache upenyo ufunike kitambaa, la sivyo mvuke utakupasukia usoni. Ikinuka moto, izime, ipumzike. Usiigombeze."

"Nitaigombezaje mashine?"

"Nakuona usoni, dada. Leo unaweza kugombeza hata ukuta."

Nikalipa. Nikafika nyumbani, nikasaga... maganda ya mahindi yakabaki kama pumba! Nilitaka kuirusha dirishani. Nikakumbuka kile kitone changu chekundu jikoni kwa Renae, nikavuta pumzi.

Jumanne, pumba. Jumatano, afadhali. Alhamisi nikasaga mara mbili, nikaiacha ipumzike katikati, nikachuja kwenye chujio la nyavu, nikarudisha motoni na siagi. Nikaonja.

Nikakaa kwenye kiti. Ilikuwa supu ya mama yangu kabisa, laini mpaka kijiko kinateleza.

Jumamosi mchana, yamebaki masaa matatu karamu ianze, nikiwa kwenye jagi la mwisho... harufu ya kuungua! Moshi mwembamba ukatoka chini, mashine ikazima.

Moyo ulishuka mpaka kwenye buti. Nikaanza kuibonyeza bonyeza kwa ukali, kisha nikamsikia Mai masikioni: usiigombeze. Nikachomoa waya. Nikakaa mbele yake dakika ishirini, mikono mapajani.

Nikachomeka tena... ikaamka!

Karamu inafanyika kwenye ukumbi wa chini ya kanisa. Meza ndefu, wawindaji wote wametoka porini na ndevu zao na vizibao vya chungwa, wananuka moshi na matope. Duane akaingia nao.

"Mke wangu!" akanibusu shavu. "Mwaka huu hatukupata kitu kambini."

"Pole, mume wangu. Umekonda."

Upande wa pili Renae kaweka blenda YANGU mezani, amefunga utepe. Na kibao mbele yake: SUPU YA BIBI HEDVIG. Eti ya bibi yake, imetoka naye Uswidi!

"Mimi nasaga hapa hapa mbele yenu," akatangaza. "Niwaonyeshe ulaini wa kweli!"

Akamwaga vyote. Mahindi, viazi, kila kitu. Akazungusha swichi, akapita sita, akafika kumi. Ukumbi mzima ukanguruma!

Mimi nimesimama na sufuria langu. Nitawaambia ukweli: nilikuwa naona raha. Raha hasa!

Mngurumo ukaanza kuwa mzito... wuuuu... wuuu... Renae akaongeza krimu. Akasaga tena. Kadiri alivyosaga ndivyo ilivyozidi kukaza.

Akainua upawa. Supu ikainuka nayo, ikavutika kama uzi.

Bibi Ardis akasogea na fimbo yake. Akachomeka kijiko kwenye bakuli. Akakiachia.

Kijiko kikasimama.

"Nibakishieni kidogo," mzee mmoja wa kambini akasema, "nina mtumbwi unavuja."

Ukumbi ukapasuka kwa vicheko. Renae kawa mwekundu mpaka masikio. Halafu, nyie... akanigeukia, akafungua mdomo wake mwenyewe!

"Marlys! Umeniharibia makusudi! Kadi uliyonitumia imeandika vyote visagwe!"

Shingo zote zikageukia kibao chake.

Bibi Ardis akasoma kile kibao polepole. Akamtazama Renae.

"Kumbe bibi Hedvig wa Uswidi ni Marlys?"

"Mimi... nilimaanisha..."

"Ngoja, bibi Ardis," nikasema. Nikaweka sufuria langu mezani. "Na mimi nina swali. Duane! Hebu njoo uone blenda hii. Si ndiyo ile uliyoniambia imeungua ukaitupa jalalani?"

Duane akatazama viatu vyake.

"Ina kitone changu cha rangi ya kucha pale kwenye sita. Na Jumamosi iliyopita asubuhi ulikuwa unalalamika kelele zake, wakati huo huo ukiwa kambini! Sauti yako imebaki kwenye laivu, watu elfu moja na mia mbili wameshaisikia."

"Duane," mzee wa mtumbwi akasema, "kumbe ndiyo maana kitanda chako kambini hakikuguswa? Sisi ulituambia mkeo anaumwa!"

Mkeo anaumwa! Mimi, mzima, nimefunga sandwichi nane!

Renae akachukua koti lake. Duane akamfuata mpaka mlangoni, akasita, akarudi, akaenda tena. Hakujua asimame wapi, na hakuna aliyempisha kwenye benchi.

Bibi Ardis akaonja yangu. Akafumba macho, akachota kijiko cha pili.

"Funguo za mgahawa ziko kwenye koti langu," akasema. "Jumatatu saa kumi na moja alfajiri uwashe jiko."

Nililia mbele za watu bila aibu.

Mnafikiri imeisha? Subirini.

Jumatatu ile tuko wawili jikoni, Ardis akaniuliza, "Mama yako alikwambia supu hii aliitoa wapi?"

"Kwa bibi yake."

Akacheka mpaka akakohoa.

"Aliitoa kwangu! Mwaka sabini na moja aliniomba kadi. Nikampa. Viazi nikamfichia. Mama yako alipika gundi majira matatu ya baridi, tukikutana kanisani haniangalii!"

Nikaweka mwiko chini. Kwa hiyo uongo niliomtumia Renae haukuwa hata wa mama yangu. Ni wa Ardis!

"Na ulipoona supu ya Renae Jumamosi...?"

"Niliijua kabla hajainua upawa," akasema. "Ilikuwa tamu kuona tena."

Mchana Duane akaja, blenda kwapani.

"Nimekurudishia, Marlys."

"Iweke hapo kwenye kaunta."

"Na mimi je?"

"Wewe toka, na ufunge mlango, baridi inaingia."

Ile ya mama nimeipa heshima yake, iko juu ya rafu. Supu nasagia ile ya dola ishirini na mbili hadi leo. Wadada, mkienda kununua, msibabaike na ngurumo wala vitufe. Shika uone uzito, chungulia chini, iwashe mbele ya muuzaji. Na mwanaume naye muombe aonyeshe kambi iko wapi kabla hujamfungia sandwichi.

Wengine mnasema nimsamehe Renae. Sawa. Wiki iliyopita nimemtumia kadi mpya kwa posta, mwandiko wangu mwenyewe. Safari hii hatua ya viazi nimeiandika yote, neno kwa neno.

Nimeacha kitu kimoja tu.

Na nyie msijisumbue kukitafuta huku juu, hata hapa sijakiandika.