Kiraka cha Gauni Jekundu

Fundi aliondoa mguu kwenye kanyagio, lakini gurudumu la cherehani likaendelea kuzunguka. Akalizuia kwa kiganja. Baridi ikampanda mpaka kiwikoni.

Watu walimwita Shubiri kwa ukali wake. Hakuwa na mke, mtoto wala mgeni. Ila jirani yake mjane alipofariki na kuacha binti mdogo, ndugu wote waliingia mitini, na fundi akamchukua akidai ni kwa siku mbili tu. Sasa alikuwa akimpulizia chai ipoe, na akitaniwa anakasirika.

Asubuhi hiyo alikuwa amelipunguza gauni jekundu la marehemu ili limtoshe mtoto. Mtoto alipolivaa tu, akaacha kucheka. Kufika adhuhuri chumba kilinuka waridi na nguo mbichi, mkasi ukawa unajifungua na kujifunga mezani bila mkono wa mtu, na mtoto, aliyekuwa amegeukia ukuta, akaanza kuongea kwa sauti ya mwanamke mzima, taratibu, akiuliza ni nani aliyeikata nyumba yake, akiuliza tena na tena, mpaka fundi akajikuta ameshika kitasa, na asikimbie, kwa kuwa mtoto alikuwa ndani.

Mganga alipoletwa alilivua gauni, akalinusa, akamvuta fundi pembeni. Jini wa marehemu alikuwa akikaa humo miaka yote bila kumdhuru mtu. Kulikata ndiko kulikomtoa.

"Nikilichoma?" fundi akanong'ona.

"Atahamia kwa mtoto moja kwa moja. Labda apate mwenyeji mwingine, ashonewe kipande cha gauni hili kwenye nguo aliyoivaa, kwa hiari yake."

Fundi hashoni nguo ikiwa mwilini; ni mwiko. Shubiri alikuwa akimvua mteja shati hata kwa kifungo kimoja. Aliogopa, aliogopa sana, lakini akaokota kipande chekundu sakafuni, akakibandika kifuani na kushona juu ya shati alilovaa, sindano ikimchoma kila mara.

Mganga akalichoma gauni. Mtoto akazinduka, akaomba chai, akacheka. Fundi alilia kwa furaha.

Jioni mtoto akamkumbatia, uso kwenye kiraka.

"Babu, mbona unanukia kama mama?"

Fundi alitaka kumwambia akimbie. Alifungua kinywa, na sauti ya mwanamke ikamtoka, taratibu:

"Njoo, mwanangu."