Kivuli cha Spana

Wapo watakaokuapia kwamba majini hukaa kwenye joto tu. Hao hawajapata kushika chuma mwezi wa Julai kule Southland, kusini kabisa mwa New Zealand, ambako baridi inauma vidole kama mbwa aliyefungwa siku tatu. Ewan Geddes alikwishashika, miaka sabini na saba anayo, na baridi haikuwahi kumtetemesha. Kilichomtetemesha ni ubao.

Kwenye makumbusho ya ndege anakojitolea, baridi ndiyo msimu wa kazi. Ndege kuukuu hazirushwi. Zinavuliwa mabawa, zinabanduliwa kitambaa, zinakaguliwa mfupa kwa mfupa. Ukutani kuna ubao mweupe wa vyombo, na nyuma ya kila chombo pamepakwa umbo lake kwa rangi nyeusi, ili kisiporudi, kivuli chake kiseme. Sheria ya karakana ni moja: jioni hakuna anayekwenda nyumbani mpaka kila kivuli kifunikwe.

Asubuhi ile kivuli kimoja kilikuwa kimezidi. Spana fupi, shingo imepinda kushoto, rangi bado mbichi.

"Nani kachora hiki?" akauliza Noelene Strang, mkuu wa karakana, mama mwenye sauti ya kukusanyia kondoo. "Ewan, ni wewe na utani wako?"

"Mimi? Hata duara linanishinda."

"Basi kifute. Na mzee wangu..." Akasogea, akanusa, akashusha sauti. "Umeanza bia saa mbili asubuhi?"

Ewan alikuwa hajaonja bia tangu mwaka 1969.

Spana ile aliijua. Aliipinda mwenyewe kwa moto, kijana wa miaka ishirini na miwili, ili ifikie boliti moja iliyojificha mkiani mwa ndege ya kumwaga mbolea kwenye vilima vya malisho. Siku hiyo alikuwa anawahi mechi ya raga. Akafunga mkia, spana akaiacha ndani. Ikakaba nyaya za usukani, na rubani Hoani Tipene akaingia mlimani na tani ya mbolea mgongoni. Ewan ndiye aliyefika wa kwanza. Akaichomoa spana, akaitia mfukoni, na wakaguzi walipokuja akawaambia maneno mawili tu: "Alinuka bia." Hoani akazikwa mlevi. Ewan akasifiwa ushujaa.

Sasa mabaki ya ndege hiyo hiyo yametolewa korongoni, na karakana imeyafufua kwa baridi tisa. Zote tisa Ewan kajitolea, watu wakimwita mwema. Mwema gani! Alikuwa analinda mkia, mtu asije akaona alama za spana. Na Oktoba atakayeirusha ni Ngaire, binti wa Hoani, ambaye baba yake alipokufa yeye alikuwa bado ananyonya.

Ewan akakipaka kivuli rangi nyeupe. Wakati wa chai kilikuwa cheusi tena, kinachuruzika. Akapaka mara ya pili, kikarudi. Kesho yake fimbo ya usukani ikakwama ikielekezwa kushoto, na mkiani kukasikika kong'! kama chuma kimegonga chuma. Wakaufungua mkia. Safi, hamna kitu.

"Nisipojua kinachokwamisha, nitamwua Ngaire," Noelene akasema polepole.

Ewan akajibu kwa kichwa. Kinywa hakufungua, maana bia ilikuwa inamnuka mpaka mkewe kahamia chumba cha wageni.

Siku ya tatu alikuja na spana ile ile mfukoni, aliyoificha miaka yote. Wenzake wakipuliza pai zao za nyama ya kondoo, yeye akaitundika. Ikalala juu ya kivuli sawasawa.

"Haya, umepata chako," akanong'ona. "Sasa nyamaza."

Ndani ya mkia uliofungwa mtu akacheka, kicheko kizito, cha kinywa kilichojaa udongo.

Alasiri hiyo Ngaire akaja kujaribu usukani. Akapanda, akashika fimbo, akasukuma kushoto.

"Noelene," akaita kwa sauti ya chini sana. "Upande wa pili kuna mkono. Umeshika."

Noelene akageukia ubao, akaiona. "Hii spana ni ya nani?"

"Niliinunua mnadani," Ewan akasema, na bia ikafoka pamoja na maneno, ikajaza karakana nzima, na pale chini ya spana rangi nyeusi ikaanza kutoka yenyewe kwenye mbao, ikachora kichwa, ikachora shingo, ikashuka kwenye bega la kulia lililolegea, bega la Ewan ambalo kila mtu pale alilijua, na viatu vya Ewan vikaanza kuteleza kinyumenyume kuelekea ukutani ingawa yeye alikuwa ameng'ang'ania meza kwa mikono miwili, na meza nayo ikaja, na kitu cha baridi kuliko Julai kikamshika kisogo, hadi akapiga ukelele:

"Ni yangu! Hakunywa! Hoani hakunywa hata tone! Niliisahau mimi, nikamsingizia!"

Fimbo ikalegea mkononi mwa Ngaire.

Akashuka. Hakulia. Alimtaka Ewan ayaseme tena Noelene akiandika, kisha atie sahihi. Halafu akaweka kiganja mkiani, akasema kwa lugha ya mababu zake, taratibu, kama anayemwita mzazi aingie ndani kutoka kwenye baridi. Mlangoni akaweka bakuli la maji, maana kwao aliyekuwa na maiti hunawa kabla ya kuondoka. Ngaire akanawa. Noelene akanawa. Ewan akanyoosha mikono. Ngaire akayamwaga maji kwenye sakitu iliyoganda nje ya mlango.

"Ngaire, mwanangu..."

"Mimi ni mtoto wa Hoani. Baba yangu naondoka naye. Wewe baki humu."

Oktoba ndege iliruka vizuri ajabu, na gazeti likaandika ukweli wote. Jua lilikuwa kali, vivuli vya watu vimelala kwenye majani. Noelene alimtazama Ewan miguuni, akaangalia pembeni. Ewan hakuwa na kivuli.

Kipo ubaoni, na rangi nyeupe haishiki juu yake. Sheria ni sheria: kila jioni Noelene akihesabu vyombo, Ewan huenda kuegemeza mgongo ubaoni, bega mahali pake, akifunika kivuli chake, mpaka hesabu iishe.

Juzi hesabu iliisha. Noelene akavaa koti, akashika funguo.

"Haya mzee, twende."

"Tangulia," Ewan akanong'ona, na bia ikanuka. "Leo kivuli bado hakijaniachia."