Abiria Ubavuni mwa Mama

Mlango wa choo uling'oka bawaba kwa teke la pili.

"Toa mkono humo!"

Mjumbe wa genge la wahujumu hakutoa. Alikuwa amepiga magoti mbele ya bakuli, kazamisha simu, huku mkono mwingine ukihangaika kuvuta maji. Nyigu alimkwida ukosi, akambamiza ukutani, akamfunga pingu kwenye bomba. Kisha akachungulia ndani ya bakuli.

Kinyaa kilimpanda mpaka kooni.

Miaka yote ya ujasusi, na bado hajauzoea uchafu wa watu. Alikunja mkono wa shati, akabana pumzi, akatumbukiza mkono. Nokia ilitoka ikichuruzika maji. Na hapo hapo, bila haya, ikaita.

Alipokea, akanyamaza.

"Abiria wetu keshapanda," ilisema sauti nyembamba. "Mwenzake bado yuko kabatini. Jamaa ananizungusha tu, eti atamvunja kesho. Njoo umvunje wewe."

Simu ikakatika. Sauti ile Nyigu aliijua. Ilikuwa ya Miwani, mgeni aliyejiita mtu wa bima, aliyeshinda akizurura jengoni na kugawa peremende.

Jengo lenyewe lilikuwa la kuandalia setilaiti. Ile kubwa mafundi waliiita Mama. Kazi yake ilikuwa kutazama mawingu na mito kutoka juu, na kuwaonya watu wa bondeni kabla mafuriko hayajawafikia. Ubavuni mwake kulifungwa setilaiti ndogo, kisanduku cha kubebeka mikononi, kazi ya wanafunzi wa chuo. Kingepewa lifti mpaka angani, kisha kingejitenga na kwenda zake. Huyo ndiye Abiria. Nyigu aliingizwa humo kama mkaguzi wa vumbi, na wiki nzima alikuwa akipitisha kidole mezani kama mama mkwe asiyeridhika.

Alimgeukia mjumbe.

"Abiria wenu akifika juu atafanya nini?"

"Sijui."

Nyigu alimsukumia kichwa karibu na bakuli. Karibu sana.

"Hajitengi!" mjumbe alipayuka. "Anabaki ubavuni, anavuruga mawimbi mpaka Mama anyamaze. Halafu wakubwa wangu wanaiuzia serikali tahadhari kutoka setilaiti yao."

"Na mafuriko yakija kabla serikali haijalipa?"

Mjumbe alichekea puani. "Si ndiyo watalipa haraka?"

Nyigu alinawa kwa sabuni. Akanawa tena. Mkono ulitakata, lakini yeye alijiona bado mchafu.

Alibonyeza kidude cha sikioni. "Mkuu. Abiria wako wawili. Aliye kwenye Mama ni wao. Miwani yumo, na ana jamaa wake humu ndani."

"Pua ya roketi inafungwa mchana huu, Mama akiwa ndani, Nyigu. Ikishafungwa, basi tena."

"Simamisha kazi."

"Nikisimamisha, Miwani atayeyuka na huyo jamaa wake hatutamjua. Nitafutie jamaa."

Kabati kavu, la kuzuia unyevu, lilikuwa mwisho wa chumba cha maandalizi. Kufuli lilifunguka kwa kifaa chembamba kilichofichwa ndani ya kalamu. Abiria wa wanafunzi alikuwemo, mzima. Alivikwa plastiki tabaka tatu, pembe zimekunjwa na kubandikwa bila hata kunyanzi moja. Utepe mwekundu ulining'inia kwenye pini inayomlaza usingizi, asiwake mpaka safari iwadie.

Mtu aliyeagizwa kumvunja alikuwa amemviringisha kama mtoto mchanga.

Mazoea ya kazi ni kitu kibaya kwa mwizi. Katika jengo zima, aliyekunja pembe namna ile ni mmoja, na kunyanzi moja tu lilitosha kumfanya awagombeze vijana wake kutwa nzima.

Fundi mkuu. Mume wa dada yake.

"Shemeji?" sauti ilisema mlangoni. "Unatafuta nini huku?"

Nyigu aligeuka na kisanduku mkononi. Fundi mkuu alikiona, akaona na kitambulisho alichoonyeshwa. Uso ukamshuka.

"Kumbe wewe ndiyo kazi yako hiyo."

"Ndiyo hiyo."

"Nilishindwa kukivunja," alisema kwa sauti ndogo. "Wale watoto wamekihangaikia sana, shemeji. Roho iliniuma."

"Roho."

"Mimi nimebadilisha tu. Mengine ni yao."

Mama aliyewazaa Nyigu na dada yake alichukuliwa na maji kule bondeni mchana kweupe, jua linawaka. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani, na hakukuwa na wa kuwaambia. Jeneza lake, mkwe huyu huyu ndiye aliyelibeba mbele, akilia mpaka makamasi. Nyigu alimtazama, na kichefuchefu alichokisikia kilishinda cha kule chooni.

"Kibebe," alisema. "Twende."

Miwani alikuwa chini ya ngazi, miguuni mwa Mama. Alipokiona kisanduku, mkono wake ulizama ndani ya ovaroli nyeupe na kutoka na Glock.

"Kiweke chini!"

Nyigu alisogea taratibu mpaka Mama akawa nyuma yake.

"Piga. Tangi la Mama limejazwa mafuta tangu jana. Hata vioo vya miwani yako havitaokotwa."

Miwani alipepesa macho, akalitazama tangi.

Ilitosha. Spana aliyoinyakua Nyigu kwenye ngazi ilimpata gotini. Pigo la pili likampata kwenye kifundo cha mkono. Bastola iliteleza sakafuni, naye akaanguka akipiga mayowe.

"Mkuu. Miwani ninaye. Jamaa ninaye."

"Abiria wao?"

"Anashushwa sasa hivi."

"Hatuna muda wa kuleta fundi mwingine. Na pale hapawezi kubaki patupu, roketi imeshapimwa mizani."

"Fundi yupo."

Alimfunga shemeji yake pingu mguuni, akamwachia mikono. Fundi mkuu alimfungua yule bandia na kumpandisha wa wanafunzi. Alifuta kila pembe kwa spiriti. Akakaza kila skrubu kwa zamu yake. Mwishowe akachomoa ile pini ya utepe mwekundu, akakipapasa kisanduku mgongoni, polepole, kwa mapenzi.

Kule kupapasa ndiko kulikomchefua Nyigu kuliko yote.

"Si umeona?" fundi alinong'ona. "Kizima kabisa. Waambie, shemeji. Waambie nilikitunza."

"Kisanduku ulikihurumia," alisema Nyigu. "Watu je?"

Walinzi wakamchukua fundi.

Roketi iliondoka Ijumaa.

"Mama amekunjua mabawa," Mkuu alisema sikioni. "Abiria amejitenga, anakwenda zake. Uko wapi wewe?"

"Maegesho."

"Hukutazama?"

"Nimesikia."

Alichomoa kidude sikioni, akakitupa kwenye kiti cha Land Cruiser. Simu yake ikaita. Ni dada. Kwa desturi ya kituo, mafundi hawatoki wala kupiga simu mpaka roketi iruke, kwa hiyo dada hakuwa na habari yoyote.

"Mdogo wangu! Nimeiona kwenye televisheni! Nimelia kwa furaha, nikamkumbuka mama. Shemeji yako si anarudi leo? Nampikia hapa."

Nyigu aliutazama moshi uliobaki angani, mrefu, mweupe.

"Harudi, dada," alisema. "Zima jiko, unisubiri. Nakuja mimi."

Akawasha gari, akaondoka bila haraka.