Upepo Haukumpiga Bosilka

Vuli ilikuwa imeingia, na kila ua kijijini ulinukia pilipili hoho za kuchomwa. Trajanka alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, akimenya maganda meusi. Mama mkwe wake, Bosilka, alisimama jikoni mbele ya sufuria kubwa. Alikuwa akikoroga ajvar, rojo la pilipili hoho la kula majira yote ya baridi. Mwiko ule hakumwachia mtu.

"Unazimenya au unazibembeleza?" Bosilka alifoka. "Maganda hayo yatamkwama mwanangu Risto kooni!"

"Risto anameza mpaka kokwa za plamu, mama. Hakuna kitakachomkwama."

Bosilka akacheka. Ulimi wake ulikuwa mkali kama siki, lakini Trajanka alishauzoea. Siku Bosilka asipogomba, nyumba ilikuwa kama haina mtu.

Kengele ya kanisa ya adhuhuri ikalia. Moshi ulizidi jikoni, macho yakawasha. Trajanka akainuka akafungua dirisha. Mlango nao ulikuwa wazi. Upepo ukapita katikati na kupeperusha pazia.

Mara mwiko ukaanguka.

Bosilka alikuwa ameegemea meza. Mkono wake wa kulia ulining'inia. Upande wa kulia wa mdomo ulikuwa umeshuka, na udenda ulimtoka.

"Mwi... mwiii..." alisema. Neno halikutoka.

Trajanka akamdaka, akamkalisha sakafuni. Risto, mumewe, aliingia mbio kutoka uani. Kitu cha kwanza alichotazama hakikuwa mama yake. Alitazama dirisha.

"Promaja!" akapiga kelele. "Nani kafungua dirisha na mlango uko wazi?"

Trajanka naye akageuka kulitazama. Tangu utotoni walifundishwa kuuogopa upepo huo unaopita kati ya dirisha na mlango. Jino likiuma, ni promaja. Shingo ikikaza, ni promaja. Na dirisha alilifungua yeye.

Risto akafunga kila kitu. Akaleta shali ya sufu na chupa ya rakija, pombe kali ya zabibu.

"Namsugua kichwa, anakunywa tone moja, analala. Kesho uso utakuwa umerudi. Ba'mdogo Pavle naye alipigwa na promaja, mdomo ukapinda, na akapona."

"Na mkono je? Ba'mdogo mkono wake ulilegea hivi?"

"Trajanka! Balaa umeshatuletea. Sasa unaniletea na maswali?"

Maneno hayo yalimchoma. Lakini alipoushika mkono wa mama mkwe, ulikuwa mzito kama si wake. Akatoka mbio mpaka kwenye ua.

"Dada Vaska! Njoo! Mama ameanguka!"

Vaska, jirani yao, alikuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji. Siku hiyo alikuwa kwake, naye anachoma pilipili. Alikuja na aproni yake, akapiga magoti mbele ya Bosilka.

"Mama, nichekee kidogo."

Nusu ya mdomo ilicheka. Nusu nyingine ilibaki chini.

"Nyanyua mikono yote miwili."

Wa kushoto ulipanda. Wa kulia haukutikisika.

"Sema: leo tunapika ajvar."

Bosilka alijaribu. Machozi yakamtoka.

"Risto, weka chupa chini. Piga simu, ita gari la wagonjwa. Waambie ni kiharusi."

"Tungoje kidogo, jirani. Haraka haraka haina baraka."

"Hii baraka yake iko kwenye haraka hiyo hiyo. Piga!"

Risto akapiga. Wakamlaza Bosilka kwa ubavu, wakaanza kungoja.

"Lakini mkono haukugongwa popote," Risto alisema. "Umekufaje?"

"Taa ya jikoni ikizimika, unafanya nini?"

"Natazama kwa jirani kama naye kazimikiwa."

"Kwa nini?"

"Labda taa ni nzima. Labda umeme haujaletwa tu."

"Basi na mkono ni hivyo. Mkono ni taa. Umeme unatoka ubongoni. Amri inashuka kwenye kamba nene iliyo ndani ya uti wa mgongo. Kutoka hapo neva zinasambaa kama nyaya mpaka ncha za vidole. Nyingine zinapeleka amri: shika, nyanyua. Nyingine zinarudisha habari juu: hapa pana moto, hapa panauma. Mkono wa mama ni mzima, nyaya zake ni nzima. Shida iko juu. Sehemu ya ubongo haipati damu. Labda mshipa umeziba, labda umepasuka. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoamuru mkono wa kulia. Ukikosa damu unaanza kufa, ndiyo maana hatungoji kesho."

"Kwa hiyo si dirisha langu?" Trajanka aliuliza kwa sauti ndogo.

"Upepo wa dirishani hauzibi mshipa kichwani, mdogo wangu."

"Na Ba'mdogo Pavle?" Risto hakukubali upesi.

"Uso una neva yake. Wakati mwingine huvimba hiyo peke yake, uso ukapinda, kisha ukapona. Labda yeye ilikuwa hiyo. Lakini hapa sakafuni mimi na wewe hatuwezi kujua. Daktari ndiye atakayejua."

"Basi tone moja tu la rakija, ajikaze."

"Na koo linaongozwa na nani? Na ubongo huo huo. Tone lako litaingia njia ya hewa, apaliwe. Asinywe wala asile kitu."

Gari likafika. Daktari hospitalini aliuliza kwanza: "Ilianza lini?"

"Kengele ya adhuhuri ilikuwa imetoka kulia," Trajanka alisema.

Wakampiga Bosilka picha ya kichwa. Mshipa ulikuwa umeziba. Kwa kuwa alikuwa amewahi kufika, akapewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Shinikizo lake la damu lilikuwa juu sana. Vidonge vyake vya shinikizo hilo vilikuwepo nyumbani, havijaguswa. Alikuwa akisema hajisikii kuumwa, sasa anywe dawa ya nini?

"Aliyetambua na kumleta leo amemwokoa," daktari alisema. Risto akamtazama mkewe, akainamisha kichwa. "Nisamehe," akasema.

Bosilka alirudi nyumbani akitembea kwa fimbo. Vidonge akawa anameza kila siku, na chumvi wakaipunguza. Maneno yalikuwa machache, na mkono ulikuwa bado umelala. Vaska aliwaambia wasikate tamaa. Ubongo hujifunza, hutafuta njia nyingine ya kupitisha amri. Lakini lazima ufundishwe kila siku.

Kwa hiyo kila asubuhi Trajanka alikaa naye, akivikunja na kuvikunjua vidole vyake kimoja kimoja. Vidole vilimfuata tu, kama vya mtoto aliyelala. Theluji ya kwanza ikaanguka, na bado.

Asubuhi moja Trajanka alitoka kuleta kuni. Akarudi, akaketi, akaushika mkono wa mama mkwe kama kawaida. Mkono ukashtuka. Vidole vikajikunja, vikamng'ang'ania.

"Baridi!" Bosilka akafoka. "Mikono yako baridi kama chura! Huwezi kuipasha moto kwanza?"

Habari imepanda, na amri imeshuka.

Risto alitokea mlangoni, sabuni ya kunyolea usoni.

"Nani anagomba humu?"

"Mama," Trajanka alisema, huku analia na kucheka. "Mama anagomba!"