Chumba cha Gari

Jumapili asubuhi mtaa wetu ulikuwa na raha yake. Jirani yangu, fundi wa kushona viti vya magari, alikuwa akifungua geti la chumba cha chini cha nyumba yake, anavuta turubai, na gari linatokeza liking'aa kama limetoka kiwandani jana. Tulimwita Nakshi, kwa jinsi alivyolipamba. Lilikuwa gari la kizamani alilonunua likiwa zima. Akakata paa, akalishusha kwa vidole vinne. Akatoa injini yake, akaweka ya gari jingine kubwa zaidi. Milango akaifanya ifunguke kwenda juu, na viti akavishona kwa ngozi nyekundu, uzi mweupe, sindano kwa sindano. Redio inaimba, mkewe anaanika nguo, sisi majirani tumesimama na vikombe vya chai tukisifu. Ukimwona wakati ule ungesema hapa ndipo penye nyumba ya amani.

Ndugu zangu, gari lile lilikuwa na miaka tisa halijatoka chumbani humo. Wakaguzi walilikataa barabarani kwa sababu lilikaa chini mno, naye akaapa atalimalizia kwanza, kisha atawaonyesha. Miaka tisa ya kumalizia.

Basi siku moja mama yake Nakshi aliletwa. Alikuwa akiishi peke yake, miguu ikaanza kumchezea, mwana akamchukua. Hapo alifanya vizuri, simnyimi haki yake. Lakini sikilizeni nyumba yenyewe ilivyo. Chini kuna chumba kimoja kikubwa chenye dirisha pana, na hatua tano kutoka hapo kuna bomba na choo. Juu kuna vyumba viwili, na kuvifikia unapanda ngazi ya saruji, imesimama kama ukuta, haina hata pa kushika. Chumba cha chini kilikuwa cha gari. Mama akapandishwa juu.

Kila asubuhi tulimwona bibi yule akishuka kwenda chooni. Hakushuka kwa miguu. Alikaa kitako, akateremka ngazi moja, akapumzika, akateremka nyingine, kanga ameifumbata mapajani ili asivunjiwe heshima na macho ya watu. Mkwewe alikuwa nyuma yake, amemshika makwapa. Ngazi kumi na sita. Nasi tulikuwa tunapita hapo kwenda kazini, tunasema, "Shikamoo mama, umeamkaje?" Naye anajibu, "Marahaba, salama tu wanangu." Tunaendelea na safari.

Mkewe Nakshi, mpiga pasi kwa dobi wa pale kona, hakunyamaza. Alisema mbele yangu.

"Baba watoto, toa gari hili mama akae chini."

"Litaenda wapi? Likae nje linyeshewe?"

"Mama hanyeshewi, lakini anaburuzika."

"Nipe miezi miwili. Nikimaliza mabati ya magurudumu nalitoa."

"Mama ni wako, mimi nimekuja tu kuolewa," mkewe akasema. "Lakini ninayemwogesha ni mimi. Wewe unaogesha gari."

Nakshi akacheka, akanigeukia mimi eti nimsaidie kucheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka.

Sasa nitawaambia linaloninyima raha. Juma lile lile nilimwambia, "Jirani, nikuchomelee chuma cha kushikia pale kwenye ngazi, mama apate pa kujizuia." Akasema wazo zuri, ila tuanze na gari, maana alitaka mabati ya juu ya magurudumu yapanuliwe, na mwenye mkono wa kazi hiyo ni mimi. Nikavimba kichwa kwa sifa. Siku nne nzima nilikuwa ndani ya chumba kile nachomelea mabati, huku juu ya kichwa changu nasikia miguu ya bibi ikikwaruza sakafu. Nikalipwa, nikaenda zangu. Chuma cha ngazi hakikutajwa tena, si na yeye wala na mimi.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi za jioni. Mkewe alikuwa bado kazini. Mama alihisi haja, akamwita mwanawe. Mwanawe alikuwa chini anasugua boneti, redio imefunguliwa hadi mwisho. Bibi aliita tena. Akaona aibu kujichafua, akaamua kushuka mwenyewe.

Kishindo nilikisikia kutoka karakana yangu ya kuchomelea, hapo jirani. Nilipofika, bibi alikuwa chini ya ngazi, mguu umegeuka upande usio wake. Hakupiga kelele. Alikuwa anavuta kanga yake afunike magoti. Na redio ilikuwa bado inaimba! Nilipiga geti kwa ngumi ndipo Nakshi akatoka, kitambaa mkononi, anauliza, "Kuna nini?"

Tulimbeba juu ya ubao wa karakana yangu hadi barabara kubwa, watu wanne, tukiomba lifti kwa kila gari linalopita. Mpita njia mmoja asiyejua kitu akauliza, "Kwani hapa mtaani hakuna mwenye gari?"

Nyonga ilikuwa imevunjika. Siku ya tano muuguzi alituita, mkewe, Nakshi na mimi, akasema, "Mama huyu hatapanda ngazi tena maishani. Keshokutwa anatoka. Nyumbani mna chumba cha chini?"

Nakshi akatazama viatu vyake.

"Kipo," mkewe akasema. "Humo analala gari."

Muuguzi alidhani hakusikia vizuri. Akauliza tena, na mwanamke yule akamrudia neno kwa neno.

Kesho yake Nakshi alimleta mpenzi wa magari ya zamani aje kulinunua. Bwana yule alilizunguka mara mbili, akapiga goti, akachungulia chini, akasimama anatikisa kichwa. "Lingekuwa kama lilivyozaliwa, ningelichukua leo leo," akasema. "Hili umelichinja, ndugu yangu. Haliendi barabarani, halikai kwenye maonyesho." Akaaga. Aliyekubali kulichukua ni muuza vyuma chakavu tu, akatuma gari la kuvuta siku mama anatoka hospitali.

Hapo ndipo tulipogundua. Gari halipiti getini. Nilipima kwa mkono wangu mwenyewe. Mabati niliyoyapanua yalizidi geti kwa kiganja kizima. Tulikuwa tumelijengea gari jela tukalifungia ndani.

"Tusubiri," Nakshi akasema. "Nitatafuta mwashi anibomolee ukuta taratibu, rangi isichubuke."

Mkewe alikuwa ameshika furushi la nguo za mama. Akaliweka chini. Hakupaza sauti, na ndiyo maana iliogopesha.

"Mama anatoka saa nane. Nikimleta, nimlaze wapi? Nijibu mbele ya jirani."

Nakshi akapapasa boneti kwa kitambaa.

Mkewe akanigeukia. "Fundi, uliyaunga wewe. Yakate wewe."

Nilileta mashine ya kukatia. Nakshi akasimama mbele ya gari, mikono ameitanua. "Ukikata hapa umenikata mimi," akasema. Miaka yote nilikuwa namwogopa kidogo, nampenda kidogo. Siku ile nilimwambia, "Mama yako alikuita mara mbili, hukusikia. Mimi naitwa mara moja tu. Sogea." Akasogea. Nilipowasha mashine alilia kwa sauti, na nasema bila kumumunya maneno: nilitamani machozi yale yangemtoka pale chini ya ngazi.

Gari likavutwa nje, na saa tisa mama akaingizwa chumbani. Sakafu ilikuwa bado inanuka oili. Tulimlaza karibu na dirisha, naye akageuza uso kwenye mwanga, akasema, "Kumbe chumba hiki kina jua hivi?"

Nakshi akatoka nje, hakurudi hadi jioni.

Bibi aliishi humo wiki saba. Kidonda cha mgongo, kisha homa ya mapafu, tukamzika. Siku hizi Nakshi na mkewe wanaishi nyumba moja, lakini mke humwandalia chakula na kwenda kula jikoni peke yake.

Funzo

Msiniambie funzo ni kwamba magari ni mabaya. Kupenda kazi ya mikono si dhambi, mimi mwenyewe naipenda. Funzo ni kwamba kitu kisicho na uhai kisipewe nafasi ya mtu anayepumua, hata kiwe kizuri namna gani, hata kiwe kimekutoa jasho. Na kwetu sisi majirani liko la pili, ndilo linaloniuma zaidi: tulimwona bibi akishuka kitako kila asubuhi, tukadhani salamu inatosha. Nyumbani kwako kuna nani asiyefika chooni bila kuteseka? Nenda ukamtazame sasa hivi. Na kama chumba chake kimejaa vitu vyako, vitoe leo, akiwa bado ana sauti ya kukuita.